Chimp Haven, Louisiana: Mgonjwa Anaponyoosha Mkono Mwenyewe

Ninahudumia wazee wagonjwa mjini Dallas, Texas, na kwa sababu ya kazi hiyo, kila ninapoingia mahali panapotolewa matibabu macho yangu hukimbilia mambo ambayo wengine huyapita: nani hubisha hodi kabla ya kuingia chumbani, nani humweleza mgonjwa anachomchoma kabla ya kumchoma, na nani humkamata mgonjwa mkono kwa nguvu kwa kuwa zamu yake inakaribia kwisha. Kwa macho hayo hayo nilikwenda Keithville, katika jimbo la Louisiana, kuyatazama makao ya Chimp Haven, wanakotunzwa sokwemtu waliotolewa katika maabara za utafiti wa tiba. Wengi wao ni wazee, na wengi wana maradhi ya muda mrefu ambayo hawataachana nayo mpaka siku ya kufa kwao. Maoni ninayoyaandika hapa yanahusu huduma hiyo ya wagonjwa zaidi ya uzuri wa mahali, ingawa mahali penyewe ni pazuri.

Sokwe si wageni kwangu. Nimezaliwa Kigoma, na baba yangu alikuwa akisafirisha dagaa kwa boti kutoka vijiji vya kaskazini mwa mji, safari inayopita ufukweni mwa Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Tulipokuwa watoto tuliwasikia mara nyingi kuliko tulivyowaona: sauti huanza chini chini, ikapanda, kisha ikalipuka na bonde zima likaitikia. Nilipoteremka kwenye gari pale Keithville, kabla sijaona chochote, nilisikia sauti ile ile ikitokea nyuma ya misonobari, na miguu ikagoma kwenda. Sikuwahi kuisikia sauti hiyo mahali pasipo na ziwa karibu.

Makao yenyewe yamo katika ekari 200 za msitu zilizotolewa na serikali ya eneo la Caddo, kusini-magharibi mwa mji wa Shreveport. Sokwe huishi kwa makundi, na makundi hayo hupata zamu ya maeneo tofauti: mengine ni msitu halisi wa misonobari na mialoni uliozungukwa na ukuta na mfereji wa maji, kwa kuwa sokwe hawajui kuogelea, na mengine ni viwanja vya wazi vyenye majukwaa, kamba na vyumba vya kulala vyenye joto wakati wa baridi. Idadi yao ni karibu 300, na hakuna makao mengine ya sokwe waliostaafu maabara duniani yenye wakazi wengi kiasi hicho. Mgonjwa mmoja mwenye matatizo ya moyo ni kazi ya kutosha kwa mhudumu; hebu fikiria ukubwa wa kazi pale ambapo wagonjwa wa aina hiyo ni wengi na kila mmoja ana nguvu ya kumvunja mtu mkono.

Ili ieleweke huduma hii inamhusu nani, ni lazima nirudi nyuma kidogo. Marekani iliwakusanya sokwe kwanza kwa ajili ya majaribio ya jeshi la anga. Ham, aliyekamatwa Cameroon akiwa mdogo, alirushwa angani tarehe 31 Januari 1961, miezi mitatu kabla ya Mmarekani wa kwanza. Baadaye sokwe wakawa chombo cha kutafitia homa ya ini, na UKIMWI ulipozuka serikali ya nchi hiyo ilianzisha mwaka 1986 mpango wa kuwazalisha kwa wingi, kwa kudhani kwamba mnyama aliye karibu na binadamu kiasi hicho angeugua kama binadamu. Zaidi ya 100 waliambukizwa VVU kwa makusudi, lakini karibu wote hawakuugua. Maabara zikabaki na mamia ya sokwe wasio na matumizi tena, ambao wangeweza kuishi miaka 50 au zaidi. Mwezi Desemba 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kuwaanzishia makao ya kudumu, mwaka 2002 Chimp Haven ikachaguliwa kuyaendesha, na mwaka 2005 wakazi wa kwanza wakafika. Jopo la wanasayansi liliamua mwaka 2011 kwamba sehemu kubwa ya utafiti wa tiba kwa sokwe haikuwa ya lazima, na mwaka 2015 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatangaza kuachana nao kabisa. Kwa hiyo waliofika karibuni wamefika wakiwa wazee, na wamefika na mafaili manene.

Ugonjwa unaoongoza kwa kuwaua sokwe wanaofugwa ni wa moyo. Msuli wa moyo hujaa nyuzi ngumu za kovu zisizojulikana chanzo chake, mapigo huvurugika, na sokwe ambaye jana alikuwa akila vizuri hukutwa asubuhi amekufa kwenye kiota chake cha nyasi. Baada ya moyo kuna sukari, hasa kwa wale walionenepa miaka ya kukaa kizimbani, kuna figo, kuna baridi yabisi ya magoti na nyonga, kuna meno yaliyooza, na kuna virusi walivyopandikizwa. Dawa wanazopewa hazina tofauti na zile ninazozigawa mimi kila usiku: lisinopril na carvedilol kwa moyo, metformin kwa sukari, insulini kwa wale ambao vidonge havitoshi. Nilipoyasikia majina hayo nilihisi kama nasomewa orodha ya wadini kwangu.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike. Kipimo cha damu cha sokwe aliye macho hufanyika kupitia mrija mpana, wenye upana wa kupitisha mkono mzima, uliofungwa kwenye wavu wa chuma. Mwisho wa mrija kuna upau mdogo. Sokwe huingiza mkono, huushika upau ule, na sehemu ya juu ya mrija ina uwazi ambapo mhudumu anaweza kuufikia mshipa. Mgeni haruhusiwi kufika eneo hilo, na ni haki asiruhusiwe. Mimi niliona jinsi inavyofanyika kwenye video za mafunzo, na siku ya wageni niliwauliza wahudumu mpaka nikaridhika. Mafunzo huanza na kitu kidogo sana. Sokwe akigusa mrija tu, kidude mkononi mwa mhudumu kinalia *tik*, na anapewa zabibu. Siku nyingine lazima mkono uingie. Siku nyingine lazima ashike upau na kutulia kwa kuhesabu tano, kisha kumi. Hufuata pamba yenye spiriti, ambayo wengi huinusa na kukunja uso. Hufuata bomba la sindano lisilo na sindano, linalogusishwa tu ngozini. Sindano yenyewe huja mwishoni kabisa, pengine baada ya wiki nyingi, na kwa wengine baada ya miezi. Wakati wote huo mkono haujafungwa kwa kitu chochote. Akitaka kuutoa anautoa, na hakuna adhabu. Kinachokosekana ni zabibu tu.

Anayetaka kujua uzito wa jambo hili aukumbuke mkono huo ulipotoka. Katika maabara, sokwe aliyehitajika kwa kipimo alipigwa kishale cha dawa ya usingizi kwa bunduki, au aliwekwa kwenye kizimba ambacho ukuta wake wa nyuma huvutwa mbele mpaka mnyama akabanwa kwenye nondo na kuchomwa. Sokwe walijua bunduki ile ikiingia chumbani. Walipiga kelele, walijisaidia kwa hofu, na waliangushwa mmoja baada ya mwingine. Wapo walioangushwa hivyo mamia ya mara katika maisha yao. Sheria ya Marekani iliruhusu sokwe mzima awekwe kwenye kizimba chenye sakafu ya futi 25 za mraba, ambayo ni ndogo kuliko kitanda cha futi tano kwa sita. Aliyetoka huko, akaja kukaa mbele ya mtu aliyevaa glavu na kushika sindano, akanyoosha mkono kwa hiari yake, ametoa kitu ambacho hakuna daktari anayeweza kukilazimisha.

Nilimpigia baba simu usiku ule. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamsimulia habari ya mrija na upau. Baba ana sukari kwa miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Na siku akikataa, wanamfanyaje?"

"Wanamwacha, baba. Wanarudi baadaye."

Akakaa kimya, kisha akasema, "Mimi pale ninapotibiwa, mwanangu, hawajaniuliza hata siku moja."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu mimi pia nimewahi kumshika bibi mmoja kidole na kumtoboa akiwa bado usingizini, ili niwahi chumba kinachofuata.

Haki inanitaka niseme kwamba utaratibu huo una mipaka yake. Sokwe anayehitaji insulini mara mbili kwa siku hawezi kuachwa akatae kwa wiki nzima, na anayepumua kwa shida hasubiriwi mpaka apende. Kwa hali hizo kuna dawa za kumeza, na ikishindikana bado kuna nusukaputi. Lakini hapo ndipo mafunzo yanapoonyesha thamani yake ya kitabibu, wala si ya huruma tu. Dawa ya usingizi ni hatari kwa moyo mbovu, kwa hiyo kipimo kilichotakiwa kuokoa maisha kingeweza kuyakatisha. Siku hizi sokwe hufundishwa kusimama wima kwenye wavu, kuegemeza kifua na kuvumilia jeli baridi huku kifaa cha ultrasaundi kikipitishwa mbavuni, akinywa juisi kutoka kwenye mrija muda wote huo. Mradi wa Great Ape Heart Project, unaochunguza moyo wa jamii ya sokwe na ulioanza mwaka 2010 katika bustani ya wanyama ya Atlanta, umekusanya picha na vipimo vya namna hiyo kutoka sehemu nyingi, na ndio uliowasaidia madaktari kujua moyo wa sokwe mwenye afya unaonekanaje. Kabla ya hapo walikuwa wakikadiria kwa moyo wa binadamu.

Jambo jingine lililonivutia ni namna dawa inavyomfikia mwenyewe. Katika nyumba ya wazee kila mmoja ana chumba chake. Sokwe huishi kwa kundi, na kundi lina mkubwa wake. Ukimpa jike mzee kidonge ndani ya siagi ya karanga mbele ya dume linalotawala, kidonge kitaliwa na dume. Kwa hiyo kila mmoja hufundishwa mahali pake pa kukaa wakati wa dawa, na mhudumu huanza na mkubwa, akimpa kitu cha kumshughulisha, kisha ndipo wa chini yake wapate vyao kwa amani. Wapo wanaomeza siagi na kutema kidonge kikiwa safi kama kimeoshwa. Dawa husagwa, huchanganywa na kinywaji kisicho na sukari, hubadilishwa ladha wiki hadi wiki, na bado siku nyingine hushindikana. Mhudumu anayejua kazi yake humfungua mgonjwa mdomo kwa kumwomba tu. Sokwe hutanua midomo, huonyesha ulimi, na huhakikishwa kwamba kidonge kimekwenda.

Chakula nacho ni dawa. Watu hudhani sokwe ni ndizi, na nilimsikia mgeni mmoja akiuliza kwa nini hawapewi ndizi tele. Aliyekulia karibu na Gombe anajua jibu. Matunda ya porini yana nyuzi nyingi, yana mbegu nyingi na utamu haba. Ukiuma tini la mwituni utalitema. Ndizi na zabibu za dukani zimekuzwa kwa miaka mingi ziwe tamu kwa ajili yetu, na sokwe mwenye sukari akizila kama anavyozila kijana wa Gombe matini yake, kipimo kitapanda siku hiyo hiyo. Kwa hiyo pale wanakula mboga za majani kwa wingi, biskuti maalumu za nyani zenye virutubisho, na matunda kwa kiasi. Chakula hutawanywa ili watembee kukitafuta, na vipo vichuguu bandia vyenye matundu ambamo huingizwa kitu cha kulambwa, ili sokwe achukue kijiti na kukivua. Nilipokiona kichuguu kile nilikumbuka kwamba ni Gombe, mwaka 1960, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipomwona dume akivua mchwa kwa bua na kuufahamisha ulimwengu. Hapa walio wengi wamezaliwa vizimbani wala mchwa hawaujui, lakini mkono wenye baridi yabisi hupata mazoezi, na mwenye uzito mkubwa hulazimika kuinama na kuinuka.

Kuhusu virusi nitasema machache. Virusi vya homa ya ini ya aina ya C vilitambuliwa mwaka 1989 kwa msaada wa damu ya sokwe walioambukizwa, na kila mtu anayeongezewa damu salama leo ana deni kwao, nikiwemo mimi niliyeongezewa damu wakati wa kujifungua. Sokwe wengi walioambukizwa ini lao halikuharibika sana, lakini hubaki na virusi, hupimwa, na wahudumu hujikinga kwa glavu na vitambaa vya uso. Vitambaa hivyo vina kazi upande wa pili pia. Magonjwa ya binadamu, hata mafua, huwaua sokwe, na Gombe inajua hilo: ugonjwa wa kupooza uliowapata mwaka 1966, uliodhaniwa kuwa polio, ulikuja wakati ule ule watu wa eneo hilo walipokuwa wakiugua. Mgeni anayelalamika kwamba amewekwa mbali na wavu ajue umbali huo ni sehemu ya matibabu.

Maradhi ya akili ndiyo ambayo hayana kipimo cha damu. Wapo sokwe wanaojing'oa manyoya mpaka mikono ikabaki uchi, wapo wanaojisukasuka kwa saa nzima, na wapo waliofika bila kujua kukaa na wenzao kwa sababu walilelewa peke yao. Kumweka mmoja wa hao ndani ya kundi huchukua muda: kwanza anaonana na mwenzake mmoja kupitia wavu, baadaye wanakaa pamoja, kisha anaongezwa wa tatu. Wapo ambao waliogopa majani, kwa kuwa hawakuwahi kukanyaga ardhi tangu kuzaliwa, na walikaa ukingoni mwa saruji wakiugusa udongo kwa vidole na kuurudisha mkono.

Mkazi mmoja wa Chimp Haven aliyenipa picha ya uzee wenye heshima ni Sarah, ambaye habari zake ni za wazi. Alizaliwa Afrika, akafundishwa na mwanasaikolojia David Premack kuwasiliana kwa vipande vya plastiki vilivyosimama badala ya maneno, na ndiye aliyekuwa katika utafiti wa mwaka 1978 uliouliza kama sokwe huweza kutambua mtu anakusudia nini. Alifika Keithville mwaka 2006 na kufia hapo mwezi Julai 2019, akikaribia miaka 60. Maisha yake yote watu walimuuliza maswali. Nafurahi kwamba miaka yake kama 13 ya mwisho hakuna aliyemdai jibu.

Kifo nacho kina utaratibu wake. Katika vituo vya aina hii wahudumu huweka alama za kila siku za mgonjwa aliye mwishoni: anakula, anapanda jukwaani, anakaa na wenzake, anaitika jina lake. Alama zikishuka, daktari na wale wanaomjua vizuri huketi kuamua kama ni wakati wa kumpumzisha. Kundi huachiwa nafasi ya kuuona mwili. Wengine huusogelea, huugusa usoni na kuuchambua manyoya, wengine huupita mbali. Nimeona familia za binadamu ambazo hazikupewa hata nusu saa ya namna hiyo.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na nyota moja ninayoizuia sehemu kubwa ni kwa waliopewa mamlaka juu ya sokwe hawa. Kati ya uamuzi wa kuwastaafisha na lori la kuwahamisha ilipita miaka mingi mno. Mwaka 2016 wakaguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba hapakuwa na mpango wa wazi wa uhamisho, na wakati nafasi zikijengwa polepole, wazee waliendelea kufa ndani ya maabara. Jambo lililonikera zaidi ni la Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya zilitangaza kwamba sokwe 44 waliokuwa kwenye kituo kilicho ndani ya kambi ya jeshi la anga huko hawatahamishwa, kwa kuwa ni wagonjwa mno. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho huko Maryland iliamua kwamba kukataa huko kulivunja sheria ya mwaka 2000.

Najua hoja ya upande ule, na si ya kupuuza. Safari ndefu inaweza kumuua mwenye moyo mbovu, na kweli wapo sokwe waliokufa muda mfupi baada ya kuhamishwa. Lakini mimi ninafanya kazi na wagonjwa wa namna hiyo. Mzee mwenye sukari, presha na figo hatuambii familia yake kwamba ni mgonjwa mno kuletwa mahali panapotunza wagonjwa. Tunatafuta gari lenye kitanda, tunaweka muuguzi ndani, tunapanga saa ya baridi ya asubuhi, tunamleta pamoja na rafiki yake kama anaye. Kusema ugonjwa, ambao wengine waliupata kwa kuwekwa pale, ndio sababu ya kuendelea kuwekwa pale, ni jambo ambalo akili yangu imelikataa kila nilipojaribu kulikubali.

Kuna pia suala la fedha. Serikali hulipa asilimia 75 ya gharama za kuwatunza sokwe wake, na asilimia 25 kituo hujitafutia chenyewe kwa wafadhili. Kwa mgonjwa wa kudumu gharama haipungui, hupanda kila mwaka, na mfadhili hupenda kuchangia sokwe anayecheza kuliko dawa ya figo. Tumeshaona nini hutokea mlipaji akiondoka. Nchini Liberia, kituo cha damu cha New York kilifanya utafiti wa homa ya ini kwa sokwe kwa miongo kadhaa, kikawaweka zaidi ya 60 kwenye visiwa vya mtoni visivyo na chakula wala maji safi ya kutosha, na mwaka 2015 kikasitisha kuwagharimia. Wanyama hao waliokolewa na watu waliokuwa wakiwalisha zamani pamoja na mashirika ya wanyama, na mwaka 2017 kituo hicho kilikubali kutoa dola milioni 6. Kustaafishwa bila mfuko wa matibabu ni kutelekezwa.

Kwa anayetaka kwenda: makao hayafunguliwi kila siku kama bustani ya wanyama. Kuna siku chache za wageni zinazotangazwa kwa mwaka, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kufunga safari. Kutoka Dallas ni kama saa tatu kwa barabara kuu ya I-20. Beba darubini, kofia na maji, maana joto la Louisiana lina unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi Februari. Ukiwa na mafua, baki nyumbani. Watoto waandaliwe kukaa kimya na kungoja, na usitegemee kuwaona sokwe wote, kwa sababu wanaotaka kubaki msituni wanabaki msituni. Anayetaka kuchangia vitu aulize kwanza vinavyohitajika, na kama ni siagi ya karanga iwe isiyoongezwa sukari.

Nilipokuwa nikielekea kwenye gari jua lilikuwa limeinama. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na jike mzee, mgongo umepinda, nywele za kiunoni zimekuwa za kijivu, ameburuta blanketi la bluu mpaka chini ya msonobari na kulikunja vizuri kabla ya kulikalia. Wenzake walikuwa wameshaitwa kuingia. Mlangoni alisimama mhudumu mwenye kikombe mkononi, akaita jina mara moja, kwa sauti ya kawaida. Jike aligeuza kichwa, akamtazama, akarudi kutazama miti. Mhudumu akachuchumaa, akaweka kikombe chini kando yake, akasubiri.